Nilipamba chumba cha kuchorea, sasa kinapokea wageni wa posa

Mpendwa Shangazi Paskazia, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usilitaje jina langu, kwa sababu mama mkwe wangu husomewa safu yako kila Jumamosi na huicheka mpaka anajifuta machozi, kwa hiyo hata barua hii huenda akaisikia, lakini nimefika mahali sina budi kuiandika.

Mimi ni mchoraji. Sichori mabango wala picha za kuuzia watalii, nachora vitabu vya watoto kwa rangi za maji, na kwa miaka mingi nimekuwa nachora kwenye vitabu vya watu wengine ambako jina langu linawekwa ukurasa wa nyuma kwa herufi za kutafuta kwa miwani, mpaka mwaka huu mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alipoipenda hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya furu mdogo, wale samaki wadogo wa ziwani, anayetaka kujua mawe ya Mwanza yalipandaje huko juu yalipo, akasema atakitoa kitabu hicho na jina langu litakaa mbele, kwenye jalada. Shangazi, nililia jikoni. Picha zinatakiwa mwisho wa mwezi ujao, na ameniambia bila kuzungusha kwamba zikichelewa hadithi itabaki yangu lakini picha atachora mtu mwingine. Furu wangu achorwe na mtu ambaye pengine hajawahi hata kumla!

Tunakaa Pasiansi, nyumba imeegemea jabali, na mume wangu, nimwite Venant ingawa silo jina lake, ni mtu mwema, aliposikia habari za kitabu akasema chukua ile stoo ya nyuma. Tukatoa magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na mlango ambao hakuna anayekumbuka ulitoka nyumba gani, na nyuma ya takataka zote hizo tukakuta dirisha lililozibwa kwa bati tangu tunahamia, tulipoling'oa ziwa likaonekana juu ya mapaa ya majirani na mwanga ukaingia mpaka ukuta wa pili, nikamwambia Venant usinisemeshe kwanza, niache nisimame hapa.

Sasa kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilikipamba. Nilikuwa naangalia kwenye simu vyumba vya wachoraji wa dunia nzima, vyeupe, visafi, vinapendeza, na mimi nikataka changu kiwe hivyo hivyo, nikapaka kuta rangi nyeupe, nikashona pazia la kitenge cha bluu, fundi Masalu akanitengenezea meza na benchi mbili, nikashona mito ya kuweka kwenye benchi, nikatandika mkeka, nikapanda maua kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, na kwa kuwa kwenye zile picha lazima kuwe na kibakuli cha kitu fulani pembeni, nikatafuta cha kuweka, nikakumbuka kikapu kidogo chenye mfuniko ambacho mama mkwe alitutumia kutoka Bukoba kikiwa na kahawa za kutafuna. Mimi ni Msukuma wa Magu, kahawa za kutafuna sikukua nazo, nilipenda tu harufu yake na ule msuko wake, nikakiweka juu ya kigoda karibu na mlango.

Wahaya wanaosoma hapa wameshajua nilichofanya. Mimi sikujua.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kwa meli kutibiwa magoti. Nikuambie ukweli, Shangazi, mimi na yeye hatukuwa na ugomvi ila hatukuwa na kitu. Tulipooana alikuwa ameshamwonea mwanawe binti wa kwao, na tangu hapo ananiita "mama wa nyumba hii", kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwita mwenye hoteli. Basi akawa anazunguka kuangalia nyumba, akafika kwenye mlango wa stoo, akasimama. Akaangalia benchi, akaangalia mkeka, akakiona kikapu. Akainama kwa shida na magoti yake, akafungua mfuniko, akachukua kahawa mbili, akatia mdomoni, akakaa. Nikaona analia.

Akasema, "Kumbe mmetengeneza mahali pa kupokelea watu. Kikapu mlangoni, kama kwetu. Miaka yote hii nilijua huyu binti hataki watu wetu."

Mimi nikafungua mdomo niseme mama, hapa ni pa kazi, lakini Venant akaniwahi. Akasema, "Mama, amekuandalia wewe."

Shangazi, mama yule akanishika mikono yote miwili akaniita mkamwana wangu. Mara ya kwanza tangu niolewe. Ningesema nini?

Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa kasi. Kesho yake akamleta Ma Prudencia, jirani yetu wa upande wa juu, wakatafuna kahawa wakapiga soga mpaka chakula cha mchana. Ma Prudencia akawaleta akina mama wa chama chao cha watu wa Kagera, halafu jumuiya yetu ya kanisani ikaamua kusalia kwetu kwa sababu kuna hewa nzuri, na kila wakija mimi nakusanya makaratasi yangu haraka haraka nayasukuma chini ya kitanda chumbani, nafuta meza, naficha makopo ya brashi, nakunja uso wa kazi nakunjua uso wa wageni, napiga magoti nasalimia, nakwenda kuchemsha chai. Sebuleni kwetu hawataki kukaa, mama mkwe anasema makochi yale yanammeza mtu na luninga inapiga kelele, na kweli Venant siku hizi anaangalia mpira wake kwa raha zote bila kusumbuliwa na mtu.

Mimi sasa nachora popote. Nimechora juu ya ubao wa kupigia pasi, ukaanguka. Nimechora meza ya jikoni, ukurasa mmoja ukapata duara la sufuria ya ndizi. Nikahamia barazani, na siku hiyo ndiyo wadudu wa ziwani walipoamua kupanda kutoka majini, wakajibandika wote kwenye rangi mbichi, sasa furu wangu ana ndevu.

Na kinachoniuma zaidi siyo hata hizo ndevu. Juzi nilikuwa napeleka chai, nikamsikia mama mkwe anawaambia wenzake, kwa kunisifu kabisa, "Mkamwana wangu hana kazi, ana nafasi, ndiyo maana nyumba inang'aa namna hii." Wote wakasema hongera. Nikaweka chai nikasema asante.

Sasa limekuja kubwa. Binti wa Ma Prudencia anaposwa, na mama mkwe ameshatoa ahadi kwamba wageni wa posa watapokelewa kwetu, kwenye chumba kile, wiki ya mwisho kabla ya picha zangu kutakiwa. Ameniomba vitu viwili tu, nibadilishe pazia niweke la rangi ya dhahabu, na "kile kimeza" kitolewe nje kwa sababu kinabana. Kile kimeza, Shangazi, ndiyo meza yangu.

Nikisema ukweli nampoteza mama niliyempata juzi. Nikinyamaza nampoteza furu wangu na jina langu kwenye jalada. Venant anasema vumilia, magoti yakipona ataondoka, lakini magoti yenyewe yanaendelea vizuri kwa sababu anafurahi, na kwa sababu anafurahi haondoki. Nifanyeje?

Mchoraji, Pasiansi

SHANGAZI PASKAZIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera ya kitabu. Nimecheka kwenye ndevu za furu mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikugombeze.

Nimefundisha ushonaji kwa miaka mingi kabla sijastaafu kuja kukaa hapa Buhongwa kusoma shida za watu. Chumba cha kushonea nakijua kwa kukiona tu. Kuna uzi sakafuni, kuna vipande vya kitambaa, kuna mtu ana tepu shingoni, na ukiingia hapo hakuna anayekuuliza unataka chai au maji, unaulizwa unataka nini. Sasa niambie, mtu akisimama kwenye mlango wa chumba chako anaona nini? Benchi mbili zenye mito. Mkeka. Maua. Kahawa. Na brashi? Umeficha. Rangi? Umeficha. Picha? Ziko chini ya kitanda! Mama mkwe wako hajakosea hata kidogo. Amesoma kilichoandikwa. Hata mimi ningeingia nikakaa nikasubiri chai yangu.

Hivyo vyumba vya kwenye simu usiviamini. Umewahi kuona hata kimoja chenye rangi iliyomwagika? Vile vimepangwa kwa ajili ya kupigwa picha, na aliyevipanga akishapiga picha sijui anakwenda kuchorea wapi, labda naye yuko jikoni na ubao wake wa pasi. Wewe ulitaka mahali pa kufanyia kazi, ukatengeneza mahali pa kutazamwa. Na kwetu sisi mahali panapopendeza kuliko pote ndani ya nyumba ni pa mgeni, hilo hukuhitaji kuzaliwa Bukoba kulijua, hata huko kwenu Magu godoro jipya linalaliwa na mgeni.

Sasa tumgeukie Venant. Umeniambia ni mtu mwema, na mimi sikatai. Lakini umeandika hapo katikati, haraka haraka, kama mtu anayepitisha mzigo usipimwe, kwamba tangu wageni waanze kwenda nyuma anaangalia mpira kwa raha zote. Hapo nilivua miwani nikaifuta nikasoma tena. Mwanangu! Huyo mtu ana sebule nzima peke yake na mke anamwambia avumilie? Vumilia ya kwako ina chai ya kuchemsha, ya kwake ina mapumziko na kipindi cha pili. Na ni yeye aliyesema "amekuandalia wewe", siyo wewe. Neno lililotoka mdomoni mwake alirudishe mwenyewe. Amwambie mama yake, mchana kweupe, kwenye chakula: "Mama, siku ile niliona unalia nikasema kisicho kweli. Chumba kile ni cha kazi ya mke wangu." Asiongeze wala asipunguze. Akianza kujikunakuna, msomee ukurasa huu kwa sauti.

Usikae pale mezani umeinama kama mshitakiwa. Na usiende kwa mama mkwe na maneno matupu, kwa sababu maneno matupu atasikia kitu kimoja tu, kwamba anafukuzwa. Kabla Venant hajasema lolote, chumba kiwe kimeshasema.

Kwa hiyo kesho asubuhi beba mito, beba mkeka, beba benchi zote mbili, beba pazia la kitenge, na kikapu na kigoda chake, peleka vyote sebuleni. Makochi yanayomeza watu yasogezwe ukutani, mawili yatolewe kabisa. Luninga ihamie chumbani kwenu, na Venant akiuliza ataangalia wapi mpira, mwambie ajaribu ubao wa kupigia pasi. Kisha mpe mama sebule hiyo. Usimpe kwa kumwazima, mpe kabisa, apange yeye, achague pazia la dhahabu anavyotaka, kikapu akae nacho yeye mlangoni maana ndiye anayejua maana yake. Mwulize akufundishe kinavyotolewa kwa mgeni, nani anaanza, nani anafuata. Umekaa na kikapu cha watu ndani ya nyumba hukuuliza, na hapo mama alikuwa na haki ya kukushangaa.

Chumba chako sasa. Meza isogee dirishani, na kama unatumia mkono wa kulia mwanga uingie kutoka kushoto ili kivuli cha mkono wako kisikae juu ya picha. Dirishani weka wavu wa mbu, ule wa matundu madogo, ubane vizuri pembe zote, tusisikie tena habari za samaki mwenye ndevu. Funga kamba mbili kutoka ukuta hadi ukuta, nunua vibanio vya nguo, na kila ukurasa ukiisha uning'inie hapo ukauke mbele ya macho ya watu wote. Brashi zikae kwenye makopo juu ya meza, zikitazama juu. Rangi zikae unapozifikia bila kuinuka. Kanga kuukuu ya kufutia mikono itundikwe kwenye msumari. Maua acha, maua hayakai kwenye kiti cha mtu. Kiti kiwe kimoja, chako, na stuli ngumu moja kwa atakayekuja kuuliza jambo. Watu hawapigi soga mahali ambapo hawana pa kukaa, jaribu uone. Ukutani bandika orodha ya kurasa ambazo hujachora, kubwa, na usiifiche hata akija padri mwenyewe.

Kuhusu adabu, najua unachoogopa. Sikuambii umvunjie mama heshima, ukinisikia nimesema hivyo mtu kaongeza. Asubuhi msalimie kwa magoti yako kama ulivyofundishwa, mtengenezee uji, mwulize magoti yake yameamkaje. Ukimaliza sema, "Mama, naingia kazini," vaa aproni yenye madoa, nenda. Jirani aliye mwalimu anapoingia darasani hakuna anayemfuata kumwambia wageni wamefika, chai iko wapi. Wakija wageni, Ma Prudencia anajua jiko liko upande gani, amelipita mara nyingi. Ukisikia wanaitana, usiinuke. Itikia ukiwa hapo hapo mezani. Siku ya kwanza itakuuma shingoni, ya pili itapungua.

Posa msiikatae. Ni jambo jema, na mama ameshatoa neno lake mbele ya wenzake, huwezi kumwaibisha. Ipokelewe sebuleni kwa pazia la dhahabu, na wewe siku hiyo weka brashi chini tangu asubuhi, pika ndizi, piga vigelegele mpaka Kirumba wasikie. Siku moja hiyo nakupa. Zilizobaki ni za furu.

Sasa nifike kwenye kile kilichokufanya uandike, kwa sababu siyo meza. Unaogopa kwamba mama huyu akijua ukweli atarudi kukuita mama wa nyumba hii. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba atapiga makofi siku hiyo hiyo, huenda akanuna, huenda akauliza habari za meli ya kurudi Bukoba. Mwache anune, unaendelea kumpa uji. Lakini rudi usome ulichokiandika mwenyewe. "Mkamwana wangu hana kazi." Alisema hivyo akikusifu! Mama amekaa ndani ya nyumba yako, amelala chini ya paa lako, amekula chakula chako, na hajui unafanya nini duniani. Hakujui, mwanangu. Na hilo halikufanywa na Venant wala na mpira. Kila akikaribia, wewe ndiye uliyekimbilia kuficha makaratasi.

Ulipata machozi yake na ukayashika kwa mikono miwili, nami siwezi kukulaumu, mtu aliyesubiri miaka hakatai kinachokuja. Ila machozi yale yalikuwa ya mito na mkeka.

Basi Jumapili baada ya misa mwite. Usisafishe. Akukute na rangi mpaka kwenye viwiko, kurasa zimening'inia, mkalishe kwenye ile stuli ngumu, umsomee hadithi ya furu tangu mwanzo huku unamwonyesha picha moja moja, hata ile yenye ndevu, na ukifika kwenye karatasi ya jalada mwonyeshe mahali litakapokaa jina lako. Kisha nyamaza. Usijitetee, usikimbilie chai. Mwache aangalie mpaka amalize.

Huyo ndiye mkamwana wake. Hajawahi kumwona.